Walisimamisha Turubai la Kilio, Mtoto Angali Hai

Bwana asifiwe! Asifiwe na ninyi wa viti vya mbele, asifiwe na ninyi mliosimama mlangoni kwa sababu mlichelewa! Mimi ni Mama Vero, muuza samaki wakavu wa soko la Kikula. Anayenijua ananijua kwa sauti, na asiyenijua ataijua leo. Pasta amenipa dakika chache. Pasta, unanifahamu. Zitazidi kidogo.

Nadège, binti yangu, simama na mtoto, watu wamwone. Mnamwona huyo anayevuta hereni ya mama yake? Huyo ni mjukuu wangu, Plamedi. Ndugu zangu, mtoto huyo wamekwisha kumlilia. Watu wazima walikaa chini, wakafunga vitenge kiunoni, wakamlilia kwa nyimbo, naye alikuwa hai anapumua. Leo nimekuja kuwaeleza jinsi Bwana alivyomtoa kule, na jinsi alivyonitoa mimi kwenye hofu iliyonifunga miaka mingi.

Nianze na maisha ya zamani. Marehemu mume wangu alipougua mapafu, tulikaa naye nyumbani tukimpa dawa ya kila jirani. Tulipomfikisha hospitali alikuwa hatutambui tena. Wakaleta chupa ndefu ya chuma, wakamwekea mpira puani, na kabla chai yangu haijapoa akawa ameondoka. Baada yake akafuata mtoto wa jirani: mpira puani, kisha kilio. Halafu mama mmoja wa kwaya yetu, wengi mnamkumbuka: mpira puani, kisha kilio. Sasa wewe mwenye akili timamu, ukiona hivyo kila mara, utasema nini? Utasema ule mpira ndio unaoua. Sisi wa Kikula tulisema hivyo waziwazi. Mtu akipiga simu kwamba mgonjwa amewekewa oksijeni, hakuna aliyeuliza hali yake. Watu waliuliza viti vitatoka wapi.

Na mimi ni binti wa mtu wa umeme! Baba yangu alifanya kazi kwenye bwawa la Mwadingusha, nimekua nikisikia mashine zikinguruma, mashine hazinitishi. Lakini oksijeni niliiogopa kuliko nyoka.

Basi mwaka huu, mvua zilipoanza, Plamedi akapata kikohozi. Ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kusimama kwa kushika kigoda. Tukasema ni kikohozi cha watoto, kitapita. Nadège akamnywesha dawa ya maji, nami nikampaka mafuta kifuani. Asubuhi moja niko sokoni, namwona Nadège anakuja na mtoto mgongoni. Alifungua kitenge, akamlaza mtoto juu ya gunia langu la samaki.

Nikaona mbavu. Ndugu zangu, kila alipovuta pumzi ngozi ilizama chini ya mbavu, na pua zilitanuka kama za mtu aliyekimbia kutoka Buluo hadi hapa. Na hakulia! Plamedi, ambaye hulia hata ukimtazama vibaya, alitutazama tu. Hilo ndilo lililonikata maini. Nikaacha samaki wangu bila hata kuwafunika, na ninyi mnaonijua mnaelewa maana yake.

Tulipita hapa kanisani kwanza, maana ni njiani, na maana ndivyo tulivyo. Mnayajua maombi ya Pasta wetu. Mtu huweza kuinjika maharage, akaja kuombewa, akarudi akakuta yameiva. Cheka, Pasta, ni kweli! Siku ile aliweka mkono juu ya mtoto, akasema, “Bwana, tangulia. Amina.” Kisha akatushika mabega akatugeuza tutazame mlango.

“Bamama, muende ku lupitalo sasa,” alisema. “Kuomba nitaomba minye. Miguu ni yenu.”

Mungu ambariki! Wachungaji wengine wangetuweka kwenye chumba cha maombi mpaka mtoto apoe mikononi.

Hospitali mnajua ilivyokuwa. Unafika, unapanga mulongo kwenye dirisha la kuandikishia karatasi, unangoja zamu yako. Aliyeamka mapema huonwa mapema, hata kama mtoto wake ana upele tu, na mwenye mtoto anayezimia hukaa nyuma kabisa. Nilikwenda nimejiandaa kupigana. Lakini ndugu zangu, mambo yamebadilika pale, nami ni shahidi. Siku hizi, mlangoni kabisa, kabla hujafika dirishani, yuko muuguzi ambaye kazi yake ni kupita kwenye ule mulongo na kutazama watoto: kifua, midomo, macho, viganja. Hakuulizi umefika saa ngapi. Siku ile alikuwa Mama Solange, mwanamke mwembamba asiyepoteza maneno. Alifunua kitenge, akazihesabu pumzi za Plamedi huku akitazama saa yake, akasema mtoto huyu anaingia sasa.

Ee, kelele! “Minye naiko hapa tangu asubuyi!” “Ule mama anafika sasa hivi tu!” Mwingine akadai naingizwa kwa sababu huwa nampelekea muuguzi samaki. Ningekuwa na nafasi ningemjibu huyo, maana samaki wangu hawagawiwi bure hata kwa wakwe.

Mama Solange aliwaambia, “Hapa tunaangalia mutoto, hapana mulongo,” nasi tukaingia.

Ndani, kila kitu cha watoto kilikuwa tayari mahali pamoja, dawa, sindano, mipira midogo ya puani. Zamani walikutuma kwanza dukani kununua sindano ndipo wamguse mtoto. Siku ile walimgusa kwanza. Wakambana kidole kwa kibanio kidogo chenye taa nyekundu, ambacho huonyesha kama damu ina hewa ya kutosha. Mama Solange akatazama namba. Akawasha mashine iliyokuwa sakafuni, ina ukubwa wa kijokofu kidogo, ikaanza kunguruma. Kisha akachukua mpira.

Mpira, ndugu zangu! Ule ule!

Nadège akapiga yowe, akatoka nje na simu. Mimi nikaushika mkono wa Mama Solange.

“Hapana,” nikamwambia. “Mupe sindano, mupe dawa yote uko nayo, lakini hii hapana. Minye najua kwenye inapelekaka bantu.”

Hakunikasirikia, wala hakungoja tumalize kuzozana. Kwa mkono wake wa pili aliusogeza mpira karibu na pua ya mtoto bila kuufunga, hewa ikawa inampulizia, huku ananijibu.

“Mama, weye iko na haki. Zamani tulikuwa na chupa moja tu, lupitalo muzima. Tulikuwa tunaichunga kwa ule mwenye anakufa. Njo maana bote uliona na mupira, balikufa. Sasa tuko na mashini. Tunamuwekea mutoto mapema, mbele achoke kupumua.”

Neno lile liliniingia na halikuniingia. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, nikajisemea. Muuguzi atasemaje mabaya ya mashine yake mwenyewe? Nikazidi kumbana mkono. Ndugu zangu, uhai wa mtoto ulikuwa unangoja vidole vyangu mimi vifunguke, na havikufunguka!

Ndipo Bwana akanisemesha kwa mtu ambaye sikumdhania. Kwenye kitanda cha pili alikaa mama mkulima aliyetoka upande wa Buluo. Sisi watu wa mjini, mtu akisema ametoka Buluo tunamwuliza moja kwa moja ni nani wake aliyefungwa kule. Kumbe mwenzetu analima mahindi tu, hana habari na gereza. Alikuwa anamlisha mtoto wake uji kwa kijiko. Akaweka kijiko chini, akainuka na mtoto, akamleta mpaka mbele ya uso wangu.

“Mama, ona. Huyu alivala ule mupira. Minye vile vile nilikatala. Nililia, nilianguka chini. Ona mashavu yake. Alama ya plasta ingali hapa.”

Nikagusa lile shavu kwa kidole changu. Kweli, plasta ilikuwa imeacha ukanda mwembamba uliong’aa. Yule mtoto akanishika kidole, akanipaka uji mkono mzima. Alikuwa na nguvu! Nikatazama uji mkononi mwangu, nikamtazama Plamedi, nikamwachia Mama Solange mkono.

Hapakuwa na radi wala sauti kutoka mbinguni. Walifunga mpira, wakampiga sindano ya dawa, wakamwinua kichwa kidogo. Mimi nikakaa nikikitazama kifua chake kama mtu anayechunga maziwa yasifurike. Umeme ukakatika, kama ilivyo tabia yake. Nikasimama wima! Lakini mashine ilikohoa kidogo tu ikaendelea, maana siku hizi ina betri zinazolishwa na jua kule juu ya paa. Mama Solange hata hakugeuza shingo. Polepole pua za mtoto zikaacha kutanuka. Midomo iliyokuwa na rangi ya majivu ikarudi kuwa midomo. Nikasema kwa sauti, “Yesu, nakuona!” na yule mama wa Buluo akaitikia amina mdomo umejaa uji wa mtoto.

Sasa turudi kwenye simu ya Nadège. Alimpigia Papa Kalenga, mdogo wa marehemu mume wangu, ambaye ndiye kichwa cha familia yetu. Alimwambia, “Papa, banamuwekea oksijeni,” akaanza kulia, na simu ikakata, betri imekufa. Hayo tu. Papa Kalenga ni mtu mwema sana, yumo humu ndani, namwona anatazama viatu vyake. Lakini kwa mambo ya kilio, Likasi nzima haina mtu mwepesi kama yeye. Kabla jua halijafika utosini alikuwa amesimamisha turubai kwenye lupango, ua wa nyumba yangu, na kuazima viti kwa majirani. Kitanda changu na kabati langu alivitoa nje, kama desturi yetu ilivyo, ili wanawake wapate nafasi ya kukaa sakafuni. Majirani wakaja, wakalia. Mtu akateleka sufuria kubwa ya bukari, ugali wetu. Kisha Papa Kalenga na ndugu wawili wakaja hospitali kuchukua maiti.

Alikuja na shuka jeupe. Nililiona mikononi mwake, nikaelewa kila kitu hata kabla hajafungua mdomo.

Akamtazama mtoto aliyelala na mpira puani. Nilitegemea afurahi. Hakufurahi, ndugu zangu, na nisimcheke kwa hilo, maana macho yake yalikuwa mekundu kweli. Alimzika kaka yake aliyekufa na mpira ule ule.

“Bado?” aliuliza kwa sauti ndogo. “Basi tumutoshe ule mupira tumupeleke ku nyumba. Asikufie mu mikono ya bantu bengine. Mukubwa wangu alikufia hapa, minye sikukuwa hapa. Huyu hapana.”

Daktari alipopita kumpima alikuwa ametuambia kwamba mtoto akitolewa oksijeni saa hiyo hatafika jioni. Lakini Plamedi analelewa na ukoo wa mama yake, na kwetu neno la upande wa baba wa Nadège ndilo la mwisho, na Nadège alikuwa ameinama ukutani hana ubavu wa kumpinga baba yake mdogo. Nani alibaki? Mimi, mwanamke wa kuolewa tu katika ukoo ule. Asubuhi ile ile nilikuwa ninauimba wimbo huo huo wa Kalenga! Nikasimama kati yake na kitanda.

“Kalenga, hapa hapana kilio. Mutoto anapumua.”

“Anapumua na mashini!”

“Basi apumue na mashini! Weye unaonaka na miwani. Nani alikuambia uitoshe?”

Akaigusa miwani yake. Nilidhani nimemshinda, lakini huzuni haishindwi kwa maneno ya sokoni. Akanizunguka, akainama juu ya kitanda, akanyoosha mikono amnyanyue mtoto. Nikafunga macho, nikasema, “Bwana, mimi nimefika mwisho wangu, sasa ni wewe!”

Plamedi akafungua macho yake. Akaona ndevu, akaona shuka jeupe mikononi chini ya ndevu. Akalia!

Alilia, ndugu zangu! Alilia kwa hasira, kile kilio chake mwenyewe cha Plamedi, mpaka wagonjwa wa chumba cha pili wakageuka. Alimpiga Papa Kalenga teke la kifua. Mama Solange akaja mbio, akasimama, akasikiliza, akaanza kucheka.

“Mumuache alie,” alisema. “Asubuyi hakukuwa na pumuzi ya kulia.”

Haleluya! Papa Kalenga alirudi nyuma, akajikuta ameketi kwenye kiti cha plastiki, na yeye akalia kuliko mtoto. Wale ndugu wawili hawakujua waangalie wapi. Nilimwambia atumie lile shuka kupangusa uso.

Nyumbani nako kulikuwa na kazi: kuwaambia wanawake wanyamaze. Mama mmoja, simtaji, alikasirika kabisa, akasema amefunga meza yake ya sokoni bure. Lakini bukari ilikuwa imeshasongwa na sombe, mboga ya majani ya muhogo, imeiva, na chakula hakirudi kwenye gunia. Wakala. Wakaimba nyimbo za sifa chini ya turubai la kilio, na wapita njia wakashangaa ni msiba gani huu wenye vigelegele. Kabati langu lilinyeshewa na mvua, mlango wake haufungi tena mpaka leo. Nimesamehe.

Plamedi aliuvaa ule mpira siku kadhaa. Wakampunguzia hewa kidogo kidogo, kisha wakautoa. Wakati ule alikuwa amefika mama kijana na mtoto anayepumua vibaya, naye alipoona mpira akaanza kupiga kelele kama tulivyopiga sisi. Mnajua nani alinyanyuka na mtoto wake kwenda kumwonyesha shavu lenye alama? Nadège wangu, ambaye hata kushuhudia kanisani anaogopa!

Nisiwadanganye. Sisemi kwamba pale hakuna anayekufa. Tukiwa pale aliletwa mtoto kutoka mbali, walimpigania mbele ya macho yetu, na hakupona. Mama Solange alisimama ukutani, akapangusa macho, akarudi mlangoni kwa sababu watoto wengine walikuwa wamefika. Nililia na yule mama. Mungu wangu ni Mungu wake pia, na sina jibu la kumpa, wala sitalitunga hapa mbele yenu. Ninachojua ni kwamba yule mtoto alizungushwa kwanza, dawa hapa, dawa pale, mpaka akachoka. Hivyo hivyo tulimzungusha mume wangu. Mtoto akichoka kupumua, hata mashine nzuri inamkuta ameshaenda nusu ya njia.

Kwa hiyo namshukuru Mungu, ambaye tangu mwanzo alimpa mtu pumzi kwa kumpulizia puani. Puani, ndugu zangu! Mungu wa namna hiyo hawezi kuukasirikia mpira mdogo wa puani. Namshukuru kwa ajili ya Mama Solange na wenzake, kwa ajili ya waliofikiria kuweka muuguzi mlangoni, kwa ajili ya jua juu ya paa. Namshukuru kwa ajili ya mama wa Buluo ambaye sikumsalimia. Na Papa Kalenga namshukuru pia, maana siku hizi mtu akimpigia simu kuhusu mgonjwa, anauliza kwanza, “Iko anapumua?”

Sasa namalizia, Pasta, nakuona unatazama saa. Nilikuwa nimejiandaa kuwaalika kwa maneno marefu, mje kwa Bwana, mweke tumaini kwake, naye hatawaaibisha. Mje! Lakini nitakatiza hapa, kwa sababu tangu nianze kusema kuna sauti ninaisikia kule nyuma, karibu na dirisha. Mpiga kinanda, tulia kidogo. Mnaisikia? Kile si kikohozi. Ni mtoto anayeguna kila anapotoa pumzi, kama anayenyanyua mzigo.

Mama mwenye kitenge cha kijani, usifiche uso, hakuna anayekuhukumu humu. Mufungue mutoto. Angalia chini ya mbavu. Inaingia ndani? Basi usingoje sadaka, usingoje maombi ya mwisho. Nadège, mupe Papa Kalenga mutoto, ufuatane na huyu mama. Pikipiki ziko mlangoni. Na wakileta ule mpira, dada yangu, usiwashike mkono.

Ninyi wa mlangoni, sogeeni! Enda, mama, enda! Amina tutakusemea sisi.